Malipo ya Kuwa Mbali na Kwetu

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa upande wetu wa maporomoko kulipwa mshahara kwa bahasha. Nalisema mapema kwa sababu ni kweli, na wazee wenzangu waliobaki Kisangani watakubali, hata wale ambao hawajawahi kunipenda.

Ili ukubwa wa jambo hilo ueleweke, lazima kwanza nieleze dirisha. Katika miaka ile ya hamsini, wakati mji wetu kwenye ramani bado uliitwa kwa jina la mzungu, mtu mweusi alilipwa dirishani. Siku ya malipo mstari ulianzia kwa keshia, ukazunguka ghala la pamba, ukateremka mpaka gatini ambako masua, meli yetu ya mtoni, ilikuwa ikipakia kuni. Kila mtu alitaja namba yake, akatoa kidole gumba, kikakandamizwa kwenye wino kisha kwenye karatasi, halafu akahesabiwa noti mbele ya macho ya wote. Mtu akiondoka pale, mstari mzima ulijua watoto wake watakula nini wiki hiyo. Bahasha ilikuwa kitu kingine. Bahasha ililetwa mezani, imefungwa kwa gundi, na aliyeipokea aliitia mfukoni bila kuifungua, kana kwamba fedha ni jambo la kuchosha. Ilikuwa ya wazungu tu.

Nami nililetewa bahasha nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Nilikuwa nimerudi mjini miezi michache kabla, baada ya miaka minne katika shule ya mapadri huko milimani, upande wa Bukavu. Nilikwenda juu ya magunia ya chumvi kwenye lori, na nilirudi juu ya magunia ya maharagwe, lakini safari ya kurudi nilikuwa na diploma ndani ya kopo la bati. Nilisomea uhasibu na barua za biashara. Darasani tulianza vijana thelathini na tukamaliza tisa, na kati ya hao tisa mimi nilikuwa wa pili. Mama yangu alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuishika ile karatasi, akaishika kwa kingo mbili, akaitazama muda mrefu kama mtu anayetazama mtoto mchanga akitafuta amefanana na nani. Hakujua kusoma. Alinionyesha muhuri mwekundu na kuniuliza kama ni damu.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ya kusafirisha mizigo mtoni: pamba, kahawa, mawese. Jina lake silitaji, na haipo tena. Mhasibu wake, Mbelgiji mwembamba mwenye nywele za rangi ya majani makavu, alikuwa amebaki bila msaidizi, kwa sababu kijana wa kizungu aliyekuwa akiandika daftari la mizigo aliugua homa akarudi kwao. Mhasibu alinipa ukurasa mmoja wa hesabu niusahihishe. Niliumaliza kabla hajamaliza sigara yake, na nikamwonyesha kosa moja ambalo si la mtihani, lilikuwa lake mwenyewe. Aliniajiri palepale, katika biro yake, kama tunavyoita ofisi. Aliniambia kwa mdomo kwamba nitapata faranga elfu moja na mia nne kwa mwezi, ambazo kwa mweusi zilikuwa nyingi, akanipa fomu nijaze.

Katika fomu hiyo palikuwa na kisanduku kinachouliza mtu ametoka wapi. Kwetu ni kijiji cha wavuvi kando ya maporomoko. Pale mto unaporuka juu ya mawe, wazee wetu walisimika miti mikubwa ndani ya maji yenyewe, wakaifunga kwa kamba za msituni, na kwenye miti hiyo huning'iniza vikapu vya kuvulia, vikubwa kiasi cha mtu mzima kuingia, vyenye umbo la tarumbeta. Makarani wa mjini, wengi wao watu wa Maniema waliokaa mtaa wa Tshopo na kuvaa mashati yaliyopigwa pasi, walituita watu wa vikapu. Walisema akipita karani wa kwetu, paka wanamfuata. Nilikuwa nimepanga chumba hukohuko Tshopo, katika ua wa karani mmoja mzee wa Maniema, Mwislamu, mtu wa utani mwingi, na sikuwa nimemwambia ninatoka wapi.

Basi katika kisanduku kile niliandika jina la mji wa shule yangu. Nikajiambia si uongo, kwa kuwa ni kweli nilitoka huko, kwa lori. Nikatia sahihi yangu, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa miaka minne.

Mwisho wa mwezi bahasha ikaja. Sikuifungua mpaka nilipofunga mlango wa chumba changu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi kilichopigwa taipu, ambacho nilikiweka kando, na faranga elfu tatu na mia tisa.

Msomaji atadhani nilishtuka. Sikushtuka hata kidogo. Niliziweka noti kitandani mojamoja, nikazitazama, nikafikiri: hatimaye wametambua. Nilikuwa wa pili kati ya tisa. Nilikuwa nimekwisha kukamata makosa sita katika daftari la kahawa. Mzungu aliona kazi yangu akarekebisha bei. Mimi niliyeajiriwa kwa sababu nasoma kila mstari wa kila karatasi, ya kwangu sikuisoma.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la Mgiriki nikanunua baiskeli ya kijani yenye taa inayowashwa na gurudumu, faranga elfu mbili na mia mbili. Nikanunua viatu vya ngozi na suruali. Jumapili iliyofuata nikapanda baiskeli yangu kwenda kwetu, polepole, nikipiga kengele hata mahali pasipokuwa na mtu.

Papa, ndivyo tunavyomwita baba, alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba, anasuka mdomo wa kikapu kipya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Maji ya maporomoko yana kelele sana, na wanaofanya kazi pale huzoea kusema kwa mikono. Mama na dada zangu waliizunguka baiskeli, wakaigusa tandiko, wakaizungusha kanyagio ili taa iwake mchana. Papa aliitazama mara moja tu. Nikampa faranga mia tano mkononi, mbele ya majirani, kama mtoto aliyesoma anavyopaswa kufanya.

Hakuzihesabu; alimpa mama azipeleke ndani. Aliniuliza ni kazi gani inayolipa namna hiyo.

Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha elimu. Nikatoa mfukoni kile kipande cha karatasi nilichokiweka kando siku ile, nikasimama wima, nikaanza kukisoma kwa Kifaransa na kukitafsiri mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza: mshahara, elfu moja na mia nne. Mstari wa pili niliusoma kwa sauti ileile ya fahari, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kuutafsiri kabla akili yangu haijafika: malipo ya kuwa mbali na kwao, elfu mbili na mia tano.

Papa aliacha kusuka.

"Mbali na wapi?"

Nikamwambia karatasi inasema mbali na kwetu.

"Kwetu iko hapa," akasema, akionyesha mto kwa kidevu. "Toka ku biro yako mpaka hapa, iko mbali namna gani?"

"Kwa velo, papa, robo saa."

Dada yangu mkubwa alicheka. Papa hakucheka.

"Bon. Donc wazungu wanakulipa hii feza yote juu ya robo saa."

Ikanibidi nieleze fomu, kisanduku, na mji niliouandika. Nilieleza kwa maneno mengi, maana nilikuwa na maneno mengi. Aliniuliza ni nani aliyewaambia wazungu kwamba kwetu ni kule milimani. Nikasema ni mimi. Aliniuliza kama watalipa hivyo kila mwezi. Nikasema ndiyo, kila mwezi, mradi karatasi ile ibaki vile ilivyo.

Aliokota ile kamba aliyokuwa akisukia, akaitazama, akaiweka chini tena.

"Mimi nilikuwa sijue kama hapa petu iko na bei."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

Nilikaa kwenye ukingo wa gogo lile na kile kipande cha karatasi, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipokisoma kweli. Mpaka leo, baada ya diploma nyingine mbili na nchi nne nilizofanyia kazi, sijaona karatasi iliyonistaajabisha kama ile. Yule kijana aliyeugua homa alikuwa akipata mstari huo. Mhasibu alikuwa akiupata. Kila mzungu aliyeshuka kutoka kwenye ndege au kwenye meli, kila mwezi, kabla hajainua kalamu, alilipwa kwa sababu mama yake yuko mbali, na fedha hiyo ilizidi fedha ya kazi. Gatini kwetu palikuwa na wapagazi waliotembea siku ishirini kutoka Maniema, wengine hawakumwona mtu wa kwao tangu vita vya wazungu viishe. Kwenye karatasi zao palikuwa na kidole gumba tu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hamu ya nyumbani inaweza kuandikwa kwa taipu, ikapewa mstari wake, ikajumlishwa chini. Nilistaajabu kama mtu aliyefunguliwa sanduku la mwingine.

Papa aliniuliza jambo moja la mwisho siku ile: "Uliita?"

Swali hilo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine nitawaeleza. Maji yakijaa, huvunja kamba na kuchukua kikapu cha familia moja, yakakitupa kwenye miti ya familia nyingine. Ukikikuta kwenye miti yako, unaita kabla ya kuinua. Unapiga mti kwa ubao na kuita mpaka mwenyewe aje, aone kikapu chake kikiwa bado majini. Kwa maana kikiisha kuinuliwa, nani atajua kilikuwa na samaki wangapi? Na aliyeinua bila kuita, iwe kwa tamaa, iwe kwa haraka, hurudisha kikapu kikiwa kimejaa mpaka mdomoni, hata kama yeye alikuta samaki mmoja. Hukijaza kwa samaki wake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeinua. Fedha ile nilikuwa nimeila na kuivaa, na nyingine nilikuwa nimekuja nimeipanda, ikiwa na magurudumu mawili.

Nilimwambia papa nitakwenda kuwaeleza, nao watanikata kidogokidogo kila mwezi. Kampuni hufanya hivyo. Akasema kikapu cha mtu hakirudi nusu. Akaingia ndani, akatoka na zile mia tano, akanirudishia zikiwa zimekunjwa vilevile nilivyomkunjia.

Njia nzima ya kurudi Tshopo sikupiga kengele. Chini kabisa ya fomu ile, juu ya sahihi yangu nzuri, palikuwa pameandikwa kwamba atakayesema uongo atafukuzwa. Nami nilijua maana ya kufukuzwa: katika kitabu chako cha kazi ingeandikwa sababu, na hakuna biro mjini ambayo ingekupokea tena na kitabu hicho. Miaka minne ya milimani ingeishia kwenye gunia la kahawa begani. Nikinyamaza, hakuna ambaye angejua. Bahasha ya pili ingekuja baada ya majuma matatu, na ya tatu. Lakini ningeifungua vipi, papa akiwa anajua ni bei ya nini?

Mgiriki alikubali kuichukua baiskeli. Alizungusha gurudumu, akanionyesha vumbi, akanipa elfu moja na mia tatu. Viatu hakuvitaka, vilikuwa vimekwisha kujifunza mguu wangu. Nilijumlisha kila kitu mara tatu, mimi mwenye diploma ya kujumlisha, na kila mara jibu lilikuwa moja: zilipungua mia nne.

Asubuhi yule mzee wa Maniema alinikuta uani nikifunga viatu.

"Karani ya diploma," akasema, "leo iko kwa miguu. Velo imekufa ama imeolewa?"

Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamweleza yote, na kwetu ni wapi nikamwambia. Nilingoja utani wa paka. Alinitazama viatu, akatazama pua yangu, akasema alijua tangu wiki ya kwanza, kwa jinsi nilivyokuwa nikila samaki: hakuna mtu wa milimani anayejua mahali ilipo kila mfupa. Kisha akaacha utani. Alikuwa amefanya kazi katika mabiro miaka ishirini na miwili, na aliyoniambia nimewaambia vijana wengi tangu hapo, kama ya kwangu.

"Usiende na mudomo," alisema. "Mudomo inasahauliwa. Andika barua mbili, sawasawa. Moja unawaachia, moja wanatia sahihi, unaiweka. Feza usimupe mutu mukononi mwake peke yake. Ihesabiwe mbele ya keshia. Na uende mbele hawajakuita. Ukiitwa, uko mwizi. Ukienda, uko karani."

Mia nne zikatoka mtoni. Papa alisema tu nifike kabla jua halijatoka, nami nikafika, kila siku, kwa karibu majuma matatu, kisha nikakimbilia biro nikiwa na magamba kwenye nyusi. Sikuwa nimekanyaga ile miti tangu nikiwa mtoto. Septemba ilikuwa inaisha na maji yalikuwa yanapanda. Jirani zetu waliokuwa kwenye mitumbwi yao waliuliza kwa sauti kama diploma inajua kuogelea, au inalowa tu.

Nimeona mambo mengi duniani. Nimepanda ndege, nimepita juu ya madaraja marefu ambayo watu hulipia kuyatazama. Sijaona kitu cha kulinganisha na papa yangu akitembea juu ya nguzo zile. Chini yake mto mzima wa Kongo ulikuwa unaanguka, rangi ya chai, na miti ilitetemeka kutoka chini. Yeye alitembea peku juu ya gogo lililolowa, lisilozidi upana wa paja, na mara nyingine alisimama akafumba macho. Nilidhani anasali. Siku ya nne akaniambia nivue viatu nisimame alipokuwa amesimama. Alikuwa akisikiliza kwa unyayo: kikapu kitupu hutetemesha mti kwa namna moja, kikapu chenye samaki kwa namna nyingine. Nilisimama pale nikasikia tetemeko moja tu, kubwa, lisilo na maana yoyote, kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama muhuri.

Juma la mwisho kabla ya siku ya malipo, tukiwa bado na upungufu wa faranga tisini, tulikuta kikapu kisicho chetu kimenasa kwenye nguzo yetu ya nje kabisa. Kilikuwa kimejaa. Ndani, katikati ya wadogo, alikuwepo kapitaine mmoja, samaki wa thamani, urefu wa mkono wangu wote, ambaye peke yake sokoni angefuta karibu nusu ya upungufu wetu. Kikapu kilishikwa na kamba moja tu iliyochanika. Papa alipiga mti kwa ubao, akaita. Maji yalikula sauti yake. Akaita tena. Mwenyewe alikuwa mtumbwini mbali, upande wa pili, ametupa mgongo.

Niliomba tukiinue tukiweke juu ya gogo, kisha tuendelee kuita. Niliona ni jambo la akili. Papa alinikabidhi ubao, akashuka, mguu mmoja ukizunguka nguzo, akatia mkono majini mpaka begani, akashika ukingo wa kikapu kile ili kisiende. Akabaki hivyo. Mimi nilipiga mti nikaita mpaka sauti ikakauka. Jua lilitoka likafika juu ya miti ya ng'ambo. Mkono wake niliuona ukibadilika rangi chini ya maji. Mara mbili alibadilisha shavu alilokuwa ameliegemeza kwenye nguzo. Vinginevyo hakusogea, wala hakunitazama kuona kama ninajifunza. Alikuwa anashika tu kikapu cha mtu.

Mwenyewe alipofika, aliinua, akahesabu, akatikisa kichwa kusema asante, akaondoka na kapitaine wake. Hakutupa hata mdogo. Papa alipanda juu akaukunja ule mkono na kuukunjua mara nyingi, kama kitu alichoazimwa. Siku hiyo nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza.

Zile tisini tulizipata siku mbili baadaye, siku ya mwisho kabla ya malipo, mama aliporudi sokoni jioni akanihesabia sarafu juu ya jani la ndizi.

Asubuhi nilikwenda kwa mhasibu kabla bahasha hazijagawiwa. Nilikuwa na barua mbili, kwa Kifaransa, bila doa, na nasema bila haya kwamba hakuna mzungu katika kampuni ile aliyeweza kuandika mwandiko ule. Fedha nilikuwa nimezitia katika ileile bahasha yao. Nilimwomba, kwa adabu, amwite keshia.

Alisoma barua akiwa amesimama. Keshia akahesabu: elfu mbili na mia tano kamili, nyingine noti, nyingine sarafu. Sarafu zilinuka samaki. Mhasibu alifungua daftari la bahasha, akapitisha kidole, na shingo yake ikawa nyekundu taratibu kuanzia kola kwenda juu. Kosa la kwanza lilikuwa lake: aliponiweka katika kiti cha yule kijana, aliniandika pia katika mistari yake yote. Kisha akatoa fomu yangu, na hilo lilikuwa kosa langu. Akaiweka mezani, sahihi yangu ikinitazama.

Aliniuliza kwa nini niliandika mji ule wakati kwetu ni hapa.

Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri, lenye sehemu tatu. Sijui lilikwenda wapi. Nikasema, "Niliona haya."

Punka ilizunguka juu yetu. Keshia alitazama wino wake. Nilikuwa nikingoja neno la kufukuzwa, na nilikumbuka mguu wa papa ulivyozunguka nguzo, nikakaza wangu sakafuni.

Mhasibu aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama jioni naweza kwenda kula kwake. Nikasema naweza, kwa miguu ni chini ya saa moja. Akaniuliza anapika nini. Nikamwambia lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Alilirudia neno lituma kwa sauti ya chini, vibaya, yule mtu aliyelipwa kila mwezi kwa kuwa mbali na mama yake. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikujua linawezekana kutoka upande wangu kwenda upande wake.

Halafu akaichana fomu vipande vinne, akanipa mpya. Alitia sahihi barua yangu ya pili. Ninayo mpaka leo. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kazi naifanya vizuri na nitaendelea nayo, ila bahasha ni za waliotoka mbali, na utaratibu ni utaratibu.

Basi mchana ule nilisimama dirishani, nyuma ya wapagazi, juani, nikiwa na viatu vyangu vya ngozi. Yule mzee wa Maniema alikuwa mbele yangu watu sita; aligeuka akatangaza kwamba mstari umeongezeka heshima, diploma imerudi kwa watu. Zamu yangu ilipofika keshia alinisogezea wino. Nilikataa kidole. Nikatoa kalamu yangu nikatia sahihi, ndefu, yenye mkia, na mstari wote nyuma yangu ukaguna. Nilikuwa wa kwanza kufanya hivyo pia.

Nilikwenda kwetu kwa miguu, na faranga elfu moja na mia nne ambazo watu wote walizijua. Papa alikuwa kwenye gogo lake na kikapu kilekile, sasa kimefika karibu na mkia. Nilimweleza kwamba sikufukuzwa. Aliendelea kusuka. Nikamweleza juu ya fomu mpya.

"Uliandika nini?"

"Niliandika hapa."

"Hapa iko na jina."

"Niliandika jina lake, papa. Kwa herufi kubwa. Halikuwepo katika orodha yao, mhasibu akaliongeza kwa mkono wake."

Nimeliandika jina hilo katika visanduku vingi tangu siku ile, katika nchi ambazo waliolisoma waliniuliza ni wapi na mara mbili walidhani nimekosea. Papa alisogea upande mmoja wa gogo, akanipa ncha ya kamba niishike kwa nguvu, ili apate kuivuta.